Mwenzi Asiyeonekana: Yanayosemwa Bichi na Yanayojulikana

Injini ikizima usiku katikati ya Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, au magugumaji yakiuzingira mtumbwi kila upande, mvuvi hukesha majini na njaa, baridi na hofu. Akiokolewa kesho yake, huenda akasimulia jambo ambalo watu hawakulitarajia: kwamba hakuwa peke yake. Kulikuwa na mtu nyuma ya bega lake. Hakumwona wala hakusikia sauti yake, lakini alijua yupo, na kule kujua kulimtia nguvu ya kupiga kasia mpaka kukapambazuka. Hapo ndipo minong'ono huanza pale bichi. Minong'ono hiyo humfunga mdomo mtu aliyehitaji kusikilizwa kuliko wote, na karibu yote haina msingi.

"Amerukwa na akili"

Mwezi Mei 1916, Ernest Shackleton, Frank Worsley na Tom Crean, wa msafara wa kuivumbua Antaktika, walivuka milima na barafu ya kisiwa cha South Georgia kwa saa 36 hivi, karibu bila kulala, wakiwatafutia msaada wenzao 22 waliobaki kisiwa cha Elephant. Meli yao ilikuwa imepondwa na barafu mwaka uliotangulia. Baadaye Shackleton aliandika kwamba mara nyingi njiani alihisi wako wanne, si watatu. Alikuwa amelinyamazia jambo hilo mpaka Worsley alipomwambia kwamba naye alihisi kuna mtu mwingine katika msafara, na Crean akakiri vivyo hivyo. Hao si watu waliochanganyikiwa. Walipata njia mahali pasipo na njia, na mwezi Agosti wenzao wote 22 wakaokolewa wakiwa hai.

Mwaka 1933, mpanda milima Frank Smythe alikuwa peke yake juu sana kwenye mlima Everest. Akatoa keki ya mnanaa mfukoni, akaigawa mara mbili, akageuka ampe mwenzake kipande chake. Hapakuwa na mtu. Alishangaa, lakini hakubishana na macho yake, na alisimulia tukio hilo waziwazi akijua alichokihisi na kilichokuwapo. Tofauti iko hapo. Mtu mwenye hali hii akitazama hukubali kwamba hapana mtu, na hisia yenyewe huondoka akishapata joto, chakula na usingizi.

"Ni nyawawa"

Sisi wa kandokando ya ziwa tunawajua nyawawa, mizimu ya usiku. Usiku wakisemwa wanapita, vijiji vizima hugonga masufuria na mabati ili waende zao ziwani. Siwadharau wanaogonga. Lakini hata kwa masimulizi ya wazee, nyawawa hupita kwa kelele, husikika na kijiji kizima na huogofya. Huyu wa mtumbwini mara nyingi ni mkimya, yuko na mtu mmoja tu, na mara nyingi hutuliza moyo.

Tena hisia ya mwenzi kama huyu imeshawahi kuamshwa hospitalini kwa umeme. Nchini Uswisi, madaktari waliokuwa wakimchunguza mwanamke wa miaka 22 mwenye kifafa walipitisha umeme kidogo katika sehemu fulani ya ubongo wake, upande wa kushoto, juu na nyuma ya sikio. Taarifa yao ilitoka mwaka 2006. Kila walipofanya hivyo, mwanamke yule alihisi kivuli cha mtu karibu naye. Akiwa amelala, kivuli kililala chini yake. Alipoketi na kukumbatia magoti, nacho kiliketi nyuma yake kikamkumbatia, na hakupenda hata kidogo. Alipopewa kadi asome, alisema kivuli kinataka kumnyang'anya. Umeme ukikatwa, kivuli hakipo.

Angalia jinsi kivuli kilivyofuata kila alivyokaa. Sehemu ile ya ubongo hukusanya habari kutoka kwenye misuli, ngozi, macho na masikio, ndipo ubongo ukajua mwili wako uko wapi na umekaaje. Habari hizo zikikosa kuafikiana, ubongo unaweza kuuhisi mwili wako mwenyewe kama mtu wa pili aliye kando yako. Haya ndiyo maelezo yenye ushahidi mwingi kwa sasa. Mwaka 2014 watafiti wa huko huko Uswisi waliwafunga macho watu wazima wenye afya. Wakisogeza mkono mbele, roboti iliwagusa mgongoni kwa mwendo ule ule. Mguso ulipocheleweshwa kwa nusu sekunde tu, baadhi yao walihisi kuna mtu nyuma yao, na wengine wakaomba jaribio likomeshwe. Ikiwa nusu sekunde inatosha kwa mtu aliyeshiba ndani ya maabara, fikiria usiku mzima wa mawimbi, giza na vidole visivyohisi tena.

"Ni hewa nyembamba ya milimani"

Upungufu wa oksijeni huchangia, na anayepanda Mlima Elgon kupita mita 4,000 ajue hilo. Lakini baharia Joshua Slocum alikuwa peke yake baharini, mgonjwa wa tumbo, mwaka 1895 alipomwona baharia wa kale akimshikia usukani. Rubani Charles Lindbergh alirusha ndege yake juu ya Atlantiki mwaka 1927 kwa saa 33 na nusu akipigana na usingizi, naye alisimulia kuwa na wasafiri wasioonekana vizuri nyuma yake.

"Marehemu anamwita"

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu huwaangukia wajane. Daktari Dewi Rees aliwahoji wajane na wagane 293 huko Wales, akachapisha matokeo mwaka 1971. Karibu nusu walikuwa wamewahi kumhisi, kumwona au kumsikia mwenza aliyefariki, na wengi wao hawakuwa wamemwambia mtu yeyote. Hawakuwa wakifa, na wengi walifarijika. Mama wa Bondo au Mumias anayehisi mzee wake yuko kitini jioni hajaitwa kaburini. Anaomboleza mtu aliyeishi naye.

"Mfuate, atakuokoa"

Hapa nasihi sana. Hadithi tunazozisikia ni za waliorudi. Waliofuata mwito gizani wakazama hawakurudi kutuhadithia. Mwenzi huyo akikutia moyo, upokee moyo huo, lakini usiuache mtumbwi uliopinduka ukaogelee anakokuonyesha. Baki nao, usilivue jaketi la kujiokolea, piga filimbi na umulike tochi.

Na aliyerudi, kabla ya kumwita mhubiri au mganga, mfunike blanketi kavu, mpe uji wa moto wenye sukari, mwache alale. Kama hisia inaendelea siku kadhaa baada ya kupumzika, kama sauti inamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, au kama ni mzee anayetetemeka mikono na anaona kuna mtu mlangoni kila mara, mpelekeni hospitali ya Jaramogi, ile ambayo Kisumu bado tunaiita Russia, au hospitali yoyote ya kaunti. Ugonjwa wa Parkinson huleta hisia hii hii, na wakati mwingine dawa zake pia, kwa hiyo mbebe na dawa zote anazotumia daktari azione.