Panga la Kufyekea Njia: Maswali na Majibu Kuhusu Majeraha, Huduma ya Kwanza na Kinga

Katika milima ya Usambara, Upare na Uluguru, njia ya miguu ndiyo barabara ya watu wengi: humpeleka mtoto shuleni, mama mjamzito zahanati na mkungu wa ndizi sokoni. Njia hizo hazidumu bila kufyekwa. Mvua za masika, zinazonyesha takriban kuanzia Machi hadi Mei, huotesha majani yanayoziba njia kwa muda mfupi, na watu hutoka na mapanga, ama kila mmoja kwenye kipande kinachopita kando ya shamba lake, ama kwa kazi ya pamoja ambayo upande wa Upare huitwa msaragambo. Majibu haya yamelenga watu hao pamoja na vijana wanaosafisha njia za watalii na za doria misituni. Jambo ninalotaka lieleweke kuliko yote ni kwamba mkono au mguu unaweza kupotea kwa sababu ya yale yaliyofanyika, au yaliyoachwa, katika saa za mwanzo baada ya ajali, ingawa mkato wenyewe ulikuwa wa kutibika.

Ni sehemu gani za mwili zinazoumia zaidi mtu anapofyeka njia?

Kwa mtu anayetumia mkono wa kulia, sehemu zilizo hatarini zaidi ni mkono wa kushoto, goti la kushoto na muundi wa kushoto. Sababu yake inaonekana wazi ukimtazama mfyekaji kwa makini: mkono wa kushoto umeshika fungu la majani au tawi, panga linashuka kutoka kulia kwenda kushoto, na mguu wa kushoto umetangulia mbele. Panga likiteleza juu ya shina gumu, au likikata kwa urahisi kuliko mkataji alivyotarajia, linaendelea na mwendo wake hadi likutane na kiganja au mfupa wa mguu.

Kinga yake haina gharama. Majani yashikwe kwa kijiti chenye kulabu, mfano wa upembo wa kuangulia matunda, badala ya vidole; miguu iwekwe mbalimbali na ule ulio upande ambako panga linaishia urudishwe nyuma; na kila pigo lielekezwe mbali na mwili. Mabuti ya mpira huzuia miiba na hupunguza hatari ya kuumwa na nyoka, lakini hayazuii panga lililorushwa kwa nguvu, kwa hiyo mtu asiyategemee kuliko anavyotegemea mkao wake. Kandambili hazifai kabisa kwa kazi hii.

Je, panga butu si salama zaidi kuliko lenye makali?

Hapana. Panga butu humlazimisha mtu kutumia nguvu nyingi, humchosha mapema, na badala ya kuingia kwenye mti hudunda na kubadilisha mwelekeo. Linolewe kwa tupa kabla ya kuanza kazi, likiwa limebanwa au kukandamizwa vizuri juu ya gogo, na mnoaji asukume tupa huku vidole vyake vikiwa nyuma ya makali. Kabla ya kuondoka nyumbani akague pia mpini, kwa kuwa mpini uliopasuka au msumari uliolegea unaweza kulifanya panga lichomoke katikati ya pigo na kumfikia mtu aliyesimama mbali. Jasho linapoufanya mpini uteleze, asimame na kuufuta.

Niongeze neno kuhusu kulibeba, kwa sababu watu wengi huumia wakiwa safarini, kazi ikiwa bado haijaanza. Panga lisibebwe begani wala kubanwa kwapani, na lisipakiwe kwenye bodaboda likiwa wazi kati ya dereva na abiria. Liwekwe kwenye ala, au makali yafunikwe kwa kipande cha mpira wa tairi na kufungwa kamba.

Watu wanaofanya kazi pamoja wakae umbali gani?

Kipimo rahisi ni kunyoosha mkono ulioshika panga na kuzunguka polepole. Hakuna mtu anayepaswa kuwa ndani ya nafasi mara mbili ya duara hilo, na kwa watu wazima hiyo huwa takriban mita 3 au zaidi. Kwenye mteremko watu wasifyeke mmoja juu ya mwingine, kwa sababu panga likimponyoka aliye juu litashuka kwa aliye chini. Mianzi na matawi yaliyojipinda yanahitaji uangalifu wa pekee, kwani huwa yamevutika, na yakikatwa upande usiofaa hufyatuka na kumpiga mkataji usoni. Aliyekunywa pombe asipewe panga siku hiyo, hata kama ni mzee wa kuheshimiwa. Anaweza kupewa kazi ya kukusanya majani.

Kuna kosa jingine ambalo madhara yake humwangukia mtu asiyekuwepo. Mashina membamba yakikatwa mshazari huacha visiki vyenye ncha kali, na baada ya siku chache visiki hivyo hufichwa na majani mapya. Watoto wanaopita peku kwenda shule huvikanyaga. Shina likatwe usawa wa ardhi, na njia ikaguliwe kwa miguu kabla watu hawajatawanyika.

Mtu amekatwa na damu inatoka kwa wingi. Nifanye nini kwanza?

Kandamiza jeraha moja kwa moja kwa kitambaa kisafi, kama vile kanga iliyofuliwa au fulana, kwa nguvu na bila kuachia. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuinua kitambaa kila baada ya sekunde chache ili kuona kama damu imekoma, na kila kinapoinuliwa bonge la damu lililoanza kuganda linabanduka. Kandamiza kwa dakika 10 mfululizo bila kuchungulia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake bila kuondoa cha kwanza, na uhakikishe mkono wako unabana pale damu inapotokea. Mlaze majeruhi, mfunike asipate baridi, na umpeleke kituo cha afya huku ukandamizaji ukiendelea. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu, na mshipa mkubwa uliokatika unaweza kumwaga sehemu ya hatari ya kiasi hicho ndani ya dakika chache. Kwa hiyo usisubiri hadi gari zuri lipatikane.

Je, inafaa kufunga kamba juu ya jeraha?

Inafaa tu pale ambapo damu ya mkono au mguu inaruka au inatiririka bila kuzuilika licha ya kukandamizwa kwa nguvu, kwa maana hapo ni maisha yanayookolewa. Usitumie waya, kamba ya katani wala uzi mwembamba, kwa kuwa hukata ngozi na kuumiza mishipa ya fahamu. Tumia kitambaa kilichokunjwa kikiwa na upana wa angalau sentimita 4, ukifunge sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, kati yake na kiwiliwili, na si kwenye kiungo chenyewe cha goti wala kiwiko. Pitisha kijiti imara kwenye fundo na ukizungushe mpaka damu ikome, kisha ukifunge kisirudi. Andika saa uliyofunga mahali ambapo mhudumu ataiona, na usiwe unalegeza na kukaza tena njiani. Majeruhi anapaswa kufika hospitali kabla saa 2 hazijatimia tangu kufungwa, kwa sababu kadiri muda unavyozidi ndivyo misuli inavyokufa.

Majivu, unga wa kahawa, mafuta ya taa au dawa ya meno havisaidii?

Havisaidii, na vingine huumiza. Mafuta ya taa huunguza nyama iliyo wazi. Majivu, udongo na majani yaliyotafunwa huingiza vijidudu. Na kahawa huganda ndani ya jeraha kiasi kwamba mhudumu hulazimika kuisugua kwa muda mrefu kabla ya kuona kilichokatika. Nawaelewa ndugu wanaofanya hivyo, kwa maana wanataka kumsaidia mwenzao na zahanati iko mbali. Hata hivyo kilicho bora kipo karibu nao: maji safi yanayotiririka na sabuni kwa jeraha dogo ambalo damu yake imekoma, kisha kitambaa kisafi. Jeraha linalovuja sana lisioshwe, likandamizwe.

Jeraha la kidoleni ni dogo na damu imekoma. Kuna haja ya kwenda hospitali?

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie, kwa sababu mkato wa sentimita 1 unaweza kukata kano, yaani uzi mgumu unaounganisha msuli na mfupa, au mshipa wa fahamu bila kuacha dalili ya kutisha kwa nje. Mweke majeruhi mkono wake juu ya meza, kiganja kikiangalia juu. Mwambie akunje kidole kilichoumia, kwanza kwenye kiungo cha kati huku vidole vingine vikiwa vimenyooka, kisha ushikilie kipande cha kati cha kidole hicho na umwombe akunje ncha peke yake. Geuza kiganja chini na umwombe ainue kidole. Baada ya hapo afumbe macho, umguse taratibu kwa unyoya au ncha ya kitambaa upande wa kulia na wa kushoto wa ncha ya kidole, na akuambie anahisi nini ikilinganishwa na kidole hichohicho cha mkono wa pili.

Kidole kisichokunjika, kilicholala kimenyooka wakati wenzake wamejikunja kidogo, au chenye ganzi upande mmoja, kinahitaji daktari siku hiyohiyo. Kano iliyokatika haijiungi yenyewe, kwa kuwa ncha zake huvutwa mbali na misuli, na kadiri wiki zinavyopita ndivyo upasuaji unavyokuwa mgumu. Kidole kinachokunjika kwa maumivu makali nacho kipelekwe, kwani kano inaweza kuwa imekatika nusu. Vivyo hivyo, jeraha lililopita juu ya kiungo, lenye uchafu ndani au linaloachama lionwe na mhudumu mapema ili aamue kama linashonwa au linaachwa wazi kwanza.

Kidole kimekatika kabisa. Kihifadhiwe vipi?

Damu idhibitiwe kwanza. Kisha kipande kisuuzwe taratibu kwa maji safi, kifungwe kwenye kitambaa kisafi chenye unyevunyevu, kiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na mfuko huo uwekwe ndani ya chombo chenye maji na barafu. Kipande kisigusane na barafu moja kwa moja na kisilowekwe kwenye maji. Upasuaji wa kukirudishia haupatikani kila hospitali, na si kila kipande hufaa, lakini uamuzi huo ni wa daktari. Ndugu wasikitupe wala kukizika kabla hajakiona.

Ni kweli kwamba kutu ya panga ndiyo inayoleta pepopunda?

Kutu si chanzo. Pepopunda huletwa na bakteria aitwaye Clostridium tetani, ambaye mbegu zake hukaa kwenye udongo na samadi kwa miaka mingi, na panga linalong'aa lililogusa udongo linaweza kuzibeba sawasawa na lenye kutu. Mbegu hizo hupenda jeraha la kina lisilo na hewa, kama lile la kuchomwa na kisiki. Dalili hutokea mara nyingi kati ya siku 3 na 21, zikianza kwa taya kukaza na kushindwa kumeza, kisha misuli ya shingo na mgongo hukakamaa. Wakati huo jeraha lenyewe huenda limeshapona.

Chanjo ndiyo kinga ya uhakika, na wanaume wazima ndio wanaosahaulika zaidi, kwa kuwa wanawake hupata dozi za nyongeza kliniki wakati wa ujauzito. Mtu aliyekamilisha dozi za msingi huhuisha kinga yake kila baada ya miaka 10. Akipata jeraha chafu au la kina, na dozi ya mwisho imepita miaka 5, anahitaji nyingine. Asiyejua historia yake ahesabiwe kuwa hajachanjwa. Aliyewahi kuugua pepopunda naye achanjwe, kwa sababu ugonjwa huo hauachi kinga mwilini.

Jani au utomvu umeniingia jichoni. Nifanyeje?

Utomvu wa mnyaa, mti unaopandwa kuwa ua katika vijiji vingi, huunguza jicho vibaya. Anza kuosha papo hapo kwa maji mengi safi kwa dakika 20, ukifungua kope, kisha nenda kituo cha afya. Jicho lililochapwa na jani au mwiba lina hatari nyingine: fangasi wanaoishi kwenye mimea huweza kuota juu ya kioo cha jicho na kuacha kovu jeupe linaloziba kuona. Maumivu, wekundu au doa jeupe baada ya ajali hiyo visitibiwe kwa dawa za kienyeji, wala kwa matone yanayonunuliwa dukani bila kupimwa, kwani matone yenye steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe na wekundu, huwapa fangasi nafasi ya kuenea. Miwani ya kujikinga huzuia ajali nyingi za aina hii.

Hospitali itataka PF3. Tuanzie polisi?

Nchini Tanzania majeruhi wa panga huweza kuulizwa fomu hiyo ya polisi, kwa sababu jeraha la ajali na la kushambuliwa hufanana. Anayevuja damu apelekwe moja kwa moja penye matibabu, na ndugu mwingine aende polisi kuifuata fomu.

Baada ya kushonwa, mtu arudi kwenye panga lini?

Nyuzi za mkononi kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 7 na ya 14, na zile zilizo juu ya kiungo huachwa zaidi, lakini ngozi iliyofunga haimaanishi kwamba imepata nguvu. Kano iliyoungwa kwa upasuaji hulindwa kwa takriban wiki 6, na kazi nzito ya kushika kwa nguvu husubiri hadi wiki 12 hivi. Katika kipindi hicho mazoezi ya vidole yafanywe kama mhudumu alivyoelekeza, kwa sababu mkono usiochezeshwa hukauka, na unaolazimishwa mapema hukata kilichoungwa. Jeraha likianza kuvimba, kutoa usaha au kuleta homa, arudi hospitali siku hiyohiyo badala ya kungoja tarehe ya kutoa nyuzi.