Mota ya Kinu Inapobadilishwa: Ni Matengenezo au ni Mtaji?

Kila msimu wa kuwasilisha ritani za kodi, wenye vinu vya unga hapa Nakuru hutuletea mafurushi ya risiti za mafundi wakiuliza iwapo fedha zote hizo zitatolewa kwenye mapato ya mwaka huo. Jibu halitegemei ukubwa wa gharama, bali kazi iliyofanywa.

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kodi ya Mapato huruhusu kutolewa kwa gharama zilizotumika kuzalisha mapato pekee, ilhali kifungu cha 16 huzuia gharama za mtaji, yaani za kununua au kuboresha mali ya kudumu. Beringi, mikanda na chekeche zikibadilishwa ili kinu kiendelee kusaga kama kilivyosaga awali, hayo ni matengenezo. Hata mota iliyoungua ikibadilishwa kwa nyingine ya nguvu ile ile, kwa kawaida bado ni matengenezo, kwa kuwa mota ni kiungo tu cha kinu. Lakini mwenye kinu akifunga yenye nguvu maradufu ili asage magunia mengi zaidi kwa saa, ameongeza uwezo wa mtambo, na gharama hiyo ni ya mtaji.

Ugumu hasa ni kujua kitu kizima ni kipi. Mahakama za Uingereza, ambazo hukumu zake husaidia kufasiri suala hili, ziliamua kesi mbili za dohani: mwaka 1932 dohani ya mgodi wa makaa iliyojengwa upya ilihesabiwa kuwa kitu kamili, gharama ikawa ya mtaji, mwaka 1951 dohani ya kiwanda ilionekana kuwa sehemu tu ya kiwanda, gharama ikaruhusiwa. Vivyo hivyo, anayenunua kinu kibovu kwa bei ya chini, kisha akakifufua kabla ya kukitumia, kwa kweli anakamilisha ununuzi, na gharama hiyo ni ya mtaji.

Gharama ya mtaji haipotei. Mtambo wa kutengenezea bidhaa huruhusiwa kutolewa asilimia 50 ya gharama yake kwenye mapato katika mwaka wa kwanza wa kutumika, na salio hufuata miaka ya baadaye. Anayelipa kodi ya mauzo (turnover tax) ya asilimia 3, inayotozwa kwenye mauzo yote badala ya faida, haruhusiwi kutoa gharama yoyote kwenye mapato yake.

Kinachotuuma ni kuona madai halali yakikataliwa kwa sababu ya karatasi. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), hairuhusiwi, isipokuwa zile zilizosamehewa kisheria. Tafadhali mwombe fundi atenganishe kwenye ankara vipuri vilivyorejesha kinu katika hali yake na vile vilivyokiongezea uwezo.