Chakula halisi sio chakula ambacho hakijaguswa

Nimevumilia hili neno "chakula halisi" mwaka mzima lakini Jumapili iliyopita limenishinda. Tulikua na semina ya afya baada ya ibada, hapa Kisumu, jamaa akaja na koti jeupe na projekta, hakusema yeye ni daktari lakini pia hakumkataza mtu kumuita daktari, akatuambia sukari na presha zimejaa manyumbani kwa sababu tumeacha "chakula halisi" tukaanza kula "vitu vimesindikwa". Mpaka hapo sina shida, nilikua namuitikia. Alafu akaanza mifano. Unga, umesindikwa. Maziwa lala, yamesindikwa. Omena, wale dagaa wetu wa ziwani, imekaushwa, kwa hivyo nayo imesindikwa, wachaneni nayo. Kando yangu alikua amekaa mama mmoja anauza omena soko la Kibuye miaka na miaka, akanigeukia polepole akaniuliza, "Nyathina (mwanangu), kwani jua ni kiwanda?"

Semina ikiisha jamaa akafungua begi akaanza kuuza poda. Pakiti ndogo, mia nane, ndani kuna moringa na vitu vingine kumi na viwili nilivihesabu kwa lebo, na hiyo sasa ndio alikua anaita chakula halisi.

Haya, maana kwanza, haraka haraka. Watu wa afya wakisema chakula halisi wanamaanisha chakula ambacho ukikitazama bado unajua kilikua nini: hindi, samaki, ndengu, yai, embe, mboga ya osuga. Kimekufikia kikiwa kizima, au kimefanyiwa kazi kidogo ya kukihifadhi ama kukifanya kilike. Basi, hiyo ndio maana yote. Sio dawa na sio poda.

Shida inaanzia kwa neno lenyewe. Halisi limetoka kwa Kiarabu, khalis, yaani kitu safi ambacho hakijachanganywa na kingine. Tunasema dhahabu halisi na hatumaanishi dhahabu ambayo haijawahi kuguswa na fundi, maana dhahabu ya pete imeyeyushwa, imegongwa, imesuguliwa, na bado ni halisi. Kinyume chake ni ghushi, nalo ni la Kiarabu, siku hizi tunalisikia tu kukiwa na kelele za vyeti wakati wa kura lakini mzizi wake ni kudanganya, na mojawapo ya njia za kudanganya ni kuchanganya, kama yule muuza maziwa anaepitia kwa bomba kabla hajafika kwako. Kwa hivyo ukiniuliza kama chakula ni halisi, swali sio "kimeguswa?" Swali ni "kimetiwa nini, na nimeambiwa?"

Sasa kusindika. Hapa ndio naudhika zaidi, mnivumilie.

Wazee wa pwani wanalijua hili neno kabla kiwanda chochote hakijajengwa Athi River. Kushindika, wengine wanasema kusindika, ni kukamua mafuta kwa kinu: ufuta unamwagwa ndani, ngamia amefungwa kitambaa machoni anazunguka kinu siku nzima, mafuta yanachuruzika chini. Zanzibar na Lamu vinu vya namna hiyo vilikua kitu cha kawaida. Na neno hilohilo lina maana ingine, kushindika mlango, yaani unaurudishia tu bila kutia komeo. Mimi hiyo ya pili ndio naipenda, maana ukienda ufuo wa Dunga asubuhi ukaona omena imeanikwa juu ya nyavu kuukuu, wamama wanaigeuza kwa mikono na mmoja kazi yake ni kufukuza ndege tu, unaona kabisa kitu kinaendelea hapo: wanaurudishia uozo mlango. Jua likiwaka vizuri imekauka siku hiyohiyo, mvua ikiinyeshea kabla haijakauka bei inaanguka na inaenda kuwa chakula cha kuku. Hakuna chochote kimeongezwa. Maji yametoka, samaki amebaki, na mifupa yake ambayo unaitafuna ndio inakupa kalsiamu.

Kwa hivyo ndio, omena imesindikwa, mzee wa koti jeupe hajadanganya. Na bado ni chakula halisi. Vitu viwili hivyo havigombani, na mtu anaevigombanisha ndio anatuletea shida.

Wenye hii kazi walishaliona zamani. Kule Brazil, Chuo Kikuu cha São Paulo, profesa anaitwa Carlos Monteiro na wenzake walianza mwaka 2009 kupanga vyakula sio kwa kuangalia vitamini ama mafuta, bali kwa kuangalia vimesindikwa kiasi gani na kwa nia gani. Mpango wao wanauita Nova, ambayo kwa Kireno ni "mpya" tu, sio kifupi cha kitu. Kundi la kwanza ni vyakula vizima ama vilivyoguswa kidogo, na humo wameweka vilivyokaushwa, vilivyosagwa, hata maziwa yaliyoganda bila sukari. La pili ni vile hukuli peke yake, chumvi, sukari, mafuta ya kupikia. La tatu ni kundi la kwanza likitiwa la pili, kama samaki wa chumvi ama wa mkebe. La nne ndio lenye maneno: soda, krispi, tambi za pakiti, soseji, smoki pasua ya pale steji, vitu vimeundwa kiwandani kutoka kwa vipande vipande vya chakula pamoja na rangi na ladha na vitu ambavyo hakuna jikoni ya mtu utavipata. Hilo kundi la nne ndio wanaita vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi. Angalia vizuri, neno zito hapo ni kupita kiasi, sio kusindikwa. Watu wetu wamekata mkia wa hilo jina wakabaki na kichwa, alafu wanashangaa mbona linauma kila kitu.

Na sio kwamba kundi la nne linasingiziwa. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake kwenye taasisi ya afya ya serikali ya Marekani walichukua watu 20, wakawafungia mahali pamoja mwezi mzima, wiki mbili wanakula vya kiwandani na wiki mbili wanakula vya kawaida, sukari na mafuta na chumvi na nyuzinyuzi zimelinganishwa mezani, kila mtu ale hadi ashibe. Kwa vile vya kiwandani walikula karibu kalori 500 zaidi kila siku, na uzito ukapanda karibu kilo moja. Kuna wataalamu wanasema Nova imejumlisha sana, mkate wa ngano nzima wa dukani unaweza kujikuta benchi moja na soda, na mimi naona wana pointi. Lakini hakuna hata mmoja wao anabishana kuhusu omena.

Mtu anaweza sema hii ni kelele ya mwalimu wa Kiswahili tu. Sio hivyo. Baba yangu mdogo ana presha, kama karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne hapa Kenya kwa ule utafiti wa kitaifa wa 2015. Akaenda kliniki, hosipitali nitaiacha bila jina, foleni ndefu, daktari alikua na dakika nne za kumpa, akamuambia "acha vyakula vilivyosindikwa" na akamuita mgonjwa mwingine. Mzee ni mtu wa kutii. Akarudi nyumbani akaacha omena, akaacha maziwa lala, akaacha uji wa wimbi uliochachushwa, ule ambao kuchacha kwenyewe ndio kunafanya mwili upate madini yake vizuri. Alafu mchuzi wake wa sukuma akaendelea kuutia viungo vya pakiti, viwili kila jioni, sababu kwake hicho sio chakula, ni kionjo tu. Geuza hiyo pakiti usome nyuma, mara nyingi kitu cha kwanza ni chumvi, na orodha huwa inaanza na kilicho kingi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai. Mzee alikua ameacha chakula halisi akabaki na chumvi, kwa maagizo ya daktari.

Aliegundua sio daktari. Ni yule mhudumu wa afya ya jamii, CHP, wale waliopewa mabegi ya mashine za presha na sukari 2023, alikuja kumpima akapitia jikoni kusalimia mama, akaona pakiti zimepangwa juu ya kabati. Akampigia dada wa lishe pale zahanati, dada wa lishe akaongea na daktari, na ziara iliyofuata wote watatu walikua wanasema kitu kimoja: mzee, rudisha omena, toa pakiti. Watu wakisema wataalamu wa afya washirikiane kuzuia haya magonjwa, wengi wanafikiria ni mkutano wa hoteli na bahasha ya nauli. Daktari anaona damu yako, mtu wa lishe anaona kile umeamua kumuambia, CHP anaona kabati. Kila mmoja ana kipande chake, na kama kila mmoja ana maana yake ya neno "kusindikwa" hivyo vipande havitawahi kushikana.

Kabla sijasahau, halisi pia sio kienyeji, hii nayo nasikia kila siku. Kienyeji limetokana na mwenyeji, ni habari ya nani alikua hapa kwanza. Kwa hesabu hiyo mahindi ni mgeni, yalivuka bahari kutoka Amerika, na samaki mbuta aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, wenyeji ni mtama, wimbi na samaki ngege. Kuna mpaka kuku anaitwa improved kienyeji, mwenyeji aliyeboreshwa, sijui kabla alikua na kasoro gani. Mboga zetu zenyewe nazitetea kabisa, dek na apoth na mito, Profesa Mary Abukutsa-Onyango aliefundisha Chuo Kikuu cha Maseno kabla aende kile cha JKUAT amezichunguza miaka mingi na thamani yake imeonekana. Lakini magadi tunayotia ndio apoth ilainike ni sodiamu, mwenye presha aangalie mkono wake. Na mahindi ya shambani kwako yakihifadhiwa na unyevu yanaota kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini, mwaka 2004 huko Ukambani watu 125 walikufa kwa mahindi ambayo hakuna kiwanda kiliyagusa.

Upande ule mwingine, unga wa pakiti ule mweupe umetolewa pumba na kiini, hiyo ni hasara, lakini tangu 2012 sheria inataka urudishiwe vitamini na madini. Unga wa posho mill umebaki na kila kitu chake lakini hakuna aliyeuongezea chochote. Zote mbili zimesagwa. Mimi nanunua wa posho mill na nachanganya na wimbi, na sijawahi kuona haja ya kumuambia jirani anaenunua pakiti kwamba anakula chakula feki.

Kwa hivyo, daktari wetu wa koti jeupe, najua unarudi mwezi ujao na nitakaa palepale. Ukimaanisha soda na smoki, sema vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, najua ni jina refu na slaidi yako ni ndogo, lakini ongeza tu mstari. Ukimaanisha mboga za hapa kwetu sema za kienyeji. Na hiyo poda yako iite poda. Yule mama wa Kibuye amesema atakuletea gorogoro moja ya omena, bure, uionje kwanza.