Amekufa Hajabatizwa

Shati jeupe lilikuwa tayari limeshonwa. Mzee alikuwa amemaliza darasa la ubatizo, jina lake limo kwenye orodha ya Pasaka, na daftari lake limejaa mwandiko mkubwa wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe akaanguka shambani. Hakufika hospitali. Matanga yalipoanuliwa, mjane wake alinisubiri nje ya kanisa akaniuliza: "Mwalimu, mume wangu amekufa hajabatizwa. Nimuweke wapi?"

Mimi ni Mlutheri, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kufundisha Agano Jipya na Kigiriki chake. Uhusiano wa imani, matendo na ubatizo ni somo ninalolifundisha kila mwaka. Mbele ya yule mama niliona jambo ambalo darasani huwa nalipita haraka: tunaviweka vitu hivi vitatu kwenye mzani mmoja, kana kwamba ni malipo matatu ya deni moja, halafu tunagombana ni lipi la lazima na lipi linaweza kusamehewa. Maandiko hayavipangi hivyo.

Chukua Matendo 2:38. Watu wamechomwa mioyo, wanauliza, "Tutendeje, ndugu zetu?" Petro anajibu: "Tubuni mkabatizwe kila mmoja kwa jina lake Yesu Kristo, mpate ondoleo la dhambi zenu." Viangalie vitenzi viwili vya mwanzo. "Tubuni" ni kauli ya kutenda. "Mkabatizwe" ni kauli ya kutendwa. Ndivyo ilivyo katika Kigiriki, na Kiswahili chetu kimeitunza tofauti hiyo bila kupoteza kitu. Hakuna mtu anayejibatiza. Anasimama, anamwagiwa au anazamishwa, na jina linatajwa juu yake na kinywa cha mwingine. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na ndugu zangu wanaouhesabu ubatizo kuwa mojawapo ya matendo ambayo Paulo anasema hayaokoi. Anayebatizwa amekuja mikono mitupu.

Waefeso 2:8 nayo ni hivyo hivyo: "mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani." Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea kusema "nimeokoka", neno lililosambaa kwa nguvu pamoja na Uamsho uliotokea Rwanda miaka ya 1930. Nalipenda, na nimelisikia likitamkwa kwa machozi ya kweli. Ila "mmeokolewa" hunikumbusha kwamba yupo aliyeokoa.

Wapo pia wasemao ubatizo ni alama tu. Sioni namna ya kuisoma Warumi 6:4 kwa njia hiyo. "Tulizikwa pamoja naye kwa njia ya ubatizo," anasema Paulo. Hasemi tuliigiza maziko. Lakini nikishasema hayo, Kornelio, yule akida wa Kirumi, ananisimamisha. Katika Matendo 10 Roho anawashukia watu wa nyumba yake Petro akiwa bado anahubiri, hata tone la maji halijaguswa. Na Petro hasemi kwamba basi, maji ya nini tena. Anauliza ni nani awezaye kukataza maji. Mungu ametangulia, na mtume anaharakisha kumfuata.

Halafu ipo Marko 16:16, aya ambayo yule mama alikuwa akiijua kwa moyo, na ndiyo iliyokuwa ikimkosesha usingizi. "Aaminiye na kubatizwa ataokoka, asiyeamini, atahukumiwa." Nilimwomba airudie nusu ya pili polepole. Haisemi "asiyebatizwa". Kinachohukumiwa hapo ni kutoamini. (Aya hizi za mwisho za Marko hazimo katika Sinaiticus na Vaticanus, nakala mbili kongwe kuliko zote kwa sehemu hii. Sikumwambia hilo siku ile, na halikuhitajika: maneno yenyewe yanatosha.)

Sasa matendo. Sisi Walutheri tunapaswa kuwa wakweli hapa. Martin Luther alipotafsiri Agano Jipya mwaka 1522, katika Warumi 3:28 aliongeza neno la Kijerumani lenye maana ya "peke yake": kwa imani peke yake. Nakubali kwamba ndiyo maana ya Paulo pale. Lakini katika Agano Jipya lote, maneno "imani peke yake" yapo mahali pamoja tu, Yakobo 2:24, na hapo yanakanushwa: mwanadamu huhesabiwa haki kwa matendo yake, "si kwa imani peke yake." Luther aliuita waraka huo waraka wa majani makavu. Nadhani alikosea, na sababu ni Abrahamu.

Paulo na Yakobo wote wawili wanamwita shahidi yule yule, ila kila mmoja anamwita kutoka siku tofauti. Paulo anamchukua usiku ule wa Mwanzo 15 alipoonyeshwa nyota, akaamini, akahesabiwa haki. Ishmaeli alipozaliwa baadaye Abrahamu alikuwa na miaka 86, na alipotahiriwa alikuwa na 99. Maana yake, alihesabiwa haki zaidi ya miaka 13 kabla ya tohara, na hoja yote ya Warumi 4 imesimama juu ya hesabu hiyo. Yakobo anamchukua kwenye Mwanzo 22, mlimani, Isaka amefungwa juu ya kuni. Ni imani ile ile, imekua miaka mingi, sasa ina mikono na miguu. Tena Paulo anabishana na wanaotaka kuwatwika Mataifa tohara na sheria ya Musa; Yakobo anabishana na mtu anayemwambia ndugu aliye uchi, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," kisha hampi kitu. Paulo mwenyewe angemkemea mtu huyo.

Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja wakikiri kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, si kwa stahili yetu, na kwamba Roho huyo huyo hutuwezesha kutenda mema. Naona wachungaji wengi hawajawasomea waumini wao, nami nasikitika.

Nirudi kwa mama. Nilimsimulia kwanza habari za Kaisari Valentinian wa Pili, aliyekufa mwaka 392 akiwa amemtumia Ambrose wa Milano ujumbe aende kumbatiza. Ambrose, askofu asiyeuchezea ubatizo hata kidogo, aliwafariji dada za marehemu kwamba aliyeomba amepokea, kwa kuwa aliomba. Ndugu zetu Wakatoliki huuita ubatizo wa tamaa, yaani wa mtu aliyeutamani akafa kabla ya kuupata.

Kisha nikamleta karibu na nyumbani, Uganda. Usiku mmoja wa Mei 1886, huko Munyonyo, vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga walijua kwamba kesho yake watahukumiwa. Wamisionari walitaka miaka minne ya mafundisho kabla ya ubatizo. Karoli Lwanga, mlei aliyebatizwa mwenyewe Novemba iliyotangulia, aliwabatiza wakatekumeni, yaani wanafunzi wa ubatizo, usiku huo huo, akiwemo Kizito, mdogo wao. Ndivyo alivyouthamini ubatizo. Lakini kati ya waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni alikuwamo pia Mukasa Kiriwawanvu, ambaye maji hayakumfikia. Mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mashahidi Wakatoliki 22 wa Uganda. Kiriwawanvu yumo, sawasawa na Kizito.

"Mama," nilimwambia, "mumeo alikuwa njiani kwenda majini, na aliyemwita ndiye aliyemchukua. Muweke kwake."

Alinyamaza muda mrefu. Akaniuliza kama daftari anaweza kubaki nalo. Nikamwambia ni lake. Asubuhi ya Pasaka nilimkuta mlangoni kabla ya ibada, amebeba lile shati jeupe limepigwa pasi. Kijana mmoja wa darasa lile alikuwa amekuja na fulana yake ya kila siku, hana nyingine. Mama akamwita pembeni, akamvalisha, akamkunjia mikono ya shati maana ilikuwa mirefu, kisha akaenda kukaa kwenye benchi la pili, pale alipozoea kukaa na mumewe.