Kuendesha servo nyingi kwa pamoja: maana yake na inavyofanyika

Servo ni mota ndogo inayotii nyuzi, yaani digrii za mzunguko. Ukiiamuru isimame kwenye nyuzi 90, inakwenda hapo na kupang'ang'ania hata ukiisukuma. Ndani ya ganda lake mna mota ya kawaida, gia za meno, saketi ndogo, na potenshiometa, yaani kifaa kilekile kilichokuwa chini ya kitufe cha sauti kwenye redio za zamani. Hicho ndicho kinachoiambia saketi mhimili umefika wapi.

Kuendesha servo nyingi, basi, ni kuzifanya mota za aina hii zitii bodi moja kwa wakati mmoja, kila moja na nyuzi zake, bila kuvurugana. Mkono wa roboti hutaka servo nne hadi sita. Roboti wa miguu sita, akiwa na viungo vitatu kila mguu, anataka 18.

Hapa Tanga vijana wanaounda roboti wanaongezeka, na servo zao wengi huagiza Dar zikaja na basi. Mkono ukianza kutetemeka, karibu wote hukimbilia kufuta na kuandika upya programu. Naomba nieleweke hapa: kazi hii ina sehemu mbili, amri na umeme, na mara nyingi ugonjwa uko kwenye umeme.

Tuanze na amri. Servo ina nyaya tatu: wa kahawia au mweusi ni hasi, mwekundu ni chanya, na wa chungwa, njano au mweupe hupitisha amri. Amri ni mpigo mfupi wa umeme unaorudiwa kila baada ya milisekunde 20, sawa na mara 50 kwa sekunde. Urefu wa mpigo ndio ujumbe wenyewe. Milisekunde 1.5 ni katikati, 1 ni upande mmoja, 2 ni upande wa pili. Servo nyingi za bei ndogo hukubali kuanzia 0.5 hadi 2.5, ila zinatofautiana, hivyo pima yako polepole. Ukisikia inakoroma pembezoni, imegonga ukuta wake wa ndani. Irudishe haraka kabla gia hazijakatika. Na mapigo hayakomi: ukiyakata, servo za kawaida hulegea.

Bodi ya Arduino Uno, kompyuta ndogo unayoiandikia programu, inaweza kutoa mapigo hayo yenyewe, na maktaba yake ya Servo (programu iliyokwisha andikwa kwa kazi hiyo) huhudumia hadi servo 12. Gharama yake ni kwamba pini ya 9 na ya 10 haziwezi tena kutoa PWM ya kawaida, yaani kuwasha na kuzima umeme haraka haraka, kwa mfano ili kupunguza mwanga wa taa. Tena programu ikiwa na kazi nyingine nyingi, mapigo huyumba kidogo na servo hutetemeka.

Ndipo watu huweka bodi ya PCA9685, chipu ya kutoa mapigo tu. Huyu ni mnyapara wa shamba la mkonge: meneja anampa agizo mara moja, yeye ndiye anayebaki shambani kulisimamia. Arduino inatuma nyuzi mpya kwa nyaya mbili tu, SDA na SCL, kisha chipu hiyo inaendelea kutoa mapigo kwa servo 16 bila kuisumbua tena. Kila milisekunde 20 inazigawa vipande 4,096, kwa hiyo katikati ni kama kipande cha 307. Servo zikizidi 16, ongeza bodi ya pili na uibadilishie anwani, yaani namba ambayo Arduino huitambulia, kwa kuunganisha alama ya A0 kwa risasi ya kulehemu. Kutoka 0x40 itakuwa 0x41. Nyaya za amri zinabaki zilezile mbili.

Sasa umeme, na hapa ndipo pa kukaa. Servo ndogo ya SG90 ikikwama inaweza kuvuta karibu ampea 0.7. Sita zikianza kunyanyua kwa pamoja ni ampea zaidi ya nne, ilhali mlango wa kawaida wa USB unaolisha Arduino una kikomo cha ampea 0.5. Volti zinaporomoka, bodi inazima na kuwaka upya. Tazama taa ndogo yenye herufi L: ikipepesa haraka kila mkono unapoanza kunyanyuka, acha programu, shika mita upime volti.

Servo zipewe chanzo chao cha volti 5 hadi 6. Pawa sapalai ya kompyuta ya mezani inafaa sana, kwani waya wake mwekundu ni volti 5 na hutoa ampea zaidi ya kumi. Ukiunganisha wa kijani na mweusi, inawaka. Usilifungue boksi lake. Kwenye PCA9685, umeme wa servo uingie kwenye kituo cha skrubu kilichoandikwa V+. VCC ni ya chipu peke yake. Halafu hasi zote ziungane: ya Arduino, ya bodi na ya pawa sapalai. Hasi zisipokutana, servo haina pa kulinganishia mpigo, nayo itacheza ovyo.

Ongeza kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme kidogo, ya mikrofaradi 1,000, volti 10 au zaidi, kati ya V+ na hasi. Kwa mafundi wa redio na simu pale Ngamiani haikosekani kwenye bodi mbovu. Chagua isiyovimba, na upande wenye mstari uwe hasi. Nyaya nene zipitishe umeme huo moja kwa moja, zisipite kwenye bredibodi, ubao wa matundu wa kuchomekea nyaya bila kulehemu. Tena kwa hewa yetu ya chumvi, viungo vya shaba vilivyosokotwa tu huota ukijani na kuanza kukatakata. Vilehemu.

Mwisho, zipunguzie servo pupa. Zihamishe nyuzi 2 kila milisekunde 20, na nyuzi 90 zitakwisha kwa takriban sekunde moja. Ya bega ianze, ya kiwiko ifuate, ya kiganja iwe ya mwisho. Kilele cha umeme kinashuka, na mkono unaacha kurusha ulichoshika.