Deni Lisilolipwa: Tunavyokosea Kujichunguza Mwaka Unapoanza

Usiku wa 31 Desemba makanisa yetu hujaa hadi nje. Watu huimba, hushuhudia walivyovushwa, na dakika za mwisho hupiga magoti. Naupenda sana mkesha huu, ndiyo maana nasikitika tunapoondoka nao mikono mitupu kwa sababu ya mambo machache tunayoyaamini bila kuyapima.

"Tunakuja kupokea neno la mwaka."

Wengi huja kusikia kama huu ni mwaka wa kuinuliwa au wa kufunguliwa milango. Kutamani baraka si dhambi, ila mkesha haukuanzia hapo. Wamoraviani wa Herrnhut, Ujerumani, walikesha mwisho wa mwaka tangu miaka ya 1730. John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, naye alikuwa na ibada za mkesha, kisha akawapa Wamethodisti ibada ya kufanya upya agano, ambamo muumini anajikabidhi kwa Mungu amweke atakapo, kazini au pembeni, katika kushiba au katika kupungukiwa. Ukiisoma Luka 13 utaukuta mtini uliokaa miaka mitatu bila tunda. Mtunza shamba anauombea: "uuache mwaka huu nao." Mti ule uliongezewa mwaka ili upaliliwe na kutiwa samadi, na mwenye shamba bado alikuwa anangoja matunda.

"Kujichunguza ni kujilaumu mpaka ulie."

Yuda alijuta, tena akazirudisha zile fedha 30. Petro naye alilia kwa uchungu. Tofauti yao ni kwamba Yuda alijitenga na wenzake akiwa na kosa lake, akaangamia nalo, ilhali Petro alibaki kati ya wenzake hadi Bwana akamkuta huko. Paulo anasema ipo huzuni iletayo toba na ipo huzuni iletayo mauti (2 Wakorintho 7:10). Uchunguzi unaokuacha ukirudia tu kwamba wewe ni mbaya haujakufikisha kwa Mungu. Na aliyezama katika huzuni kwa muda mrefu asijifungie kujihoji usiku kucha peke yake. Amwone mchungaji, na amwone daktari pia.

"Nimeshatubu kwa Mungu, yamekwisha."

Hapa ndipo tunapoteleza zaidi, na Afrika Mashariki hatuna kisingizio, kwa maana tulifundishwa vizuri. Siku chache baada ya Krismasi ya 1933, Wakristo walikutana kwa maombi na kujifunza Biblia huko Gahini, Rwanda, kwenye kituo cha misheni alikofanya kazi daktari Mwingereza Joe Church pamoja na Waafrika kama Blasio Kigozi na Yosiya Kinuka. Mkutano ulipokuwa karibu kufungwa, mtu mmoja akasimama akaungama dhambi yake. Akafuata mwingine, na mwingine, kwa zaidi ya saa mbili. Kutoka huko na Uganda uamsho ulisambaa hadi Burundi, Bukoba na Kenya. Majirani hawakuwatambua hao ndugu kwa nyimbo tu. Waliwatambua kwa sababu walirudisha vitu walivyoiba, walilipa madeni, na walikwenda kwa waliogombana nao kuomba msamaha. Wenyewe waliita hivyo kutembea nuruni.

Walikuwa wanamfuata Zakayo, aliyesimama akasema aliyemnyang'anya atamrudishia mara nne. Walimtii pia Bwana aliyesema uiache sadaka mbele ya madhabahu, ukapatane kwanza na ndugu yako. Kwa hiyo kabla ya mkesha, keti na uulize kwa majina. Dada wa kazi amelipwa mshahara wake wote? Fedha ya kikundi uliyoikopa ukanyamaza iko wapi? Shamba la urithi ambalo mjane wa ndugu yako ameondolewa, wewe ulisema nini kwenye kikao cha ukoo? Kumwambia Mungu "nisamehe" huku umekalia haki ya mtu, na uwezo wa kuirudisha unao, ni toba iliyoishia njiani.

Lakini si kila kitu ni cha kusema kwenye maikrofoni. Ungamo linalomtaja mwenzako mbele ya watu laweza kuvunja nyumba isiyo yako. Nenda kwa uliyemkosea. Kama kumwendea kutamhatarisha, tafuta kwanza mzee wa kanisa anayetunza siri.

"Mwenyewe najijua."

Jonathan Edwards, mhubiri wa Marekani, alianza mwaka 1722, kabla hajafikisha miaka 20, kuandika maazimio yake ya kiroho. Yalifika 70. Alitangulia kukiri kwamba hawezi lolote bila msaada wa Mungu, na akajipangia kuyasoma kila wiki. Wachache wamejichunguza kwa bidii kama yake. Hata hivyo mwaka 1731 mtu huyuhuyu alikwenda Newport akanunua msichana Mwafrika, mtumwa, kama ng'ombe wa mnadani. Dhambi iliyozoewa na mji mzima haikuonekana kwenye daftari lake. Na watu waliotendewa hivyo nao walikuja kuwa na mkesha wao: usiku wa 31 Desemba 1862 Wakristo weusi wa Marekani walikesha wakingoja tangazo la uhuru la Rais Lincoln, lililotolewa siku iliyofuata.

Daudi hakusema "nimejichunguza". Aliomba: "Ee Mungu, unichunguze." Na Mungu mara nyingi hujibu ombi hilo kupitia mtu tusiyetaka kumsikiliza: mke, mtoto, mfanyakazi wa chini. Muulize mmoja wao mwaka huu umemwumiza wapi, halafu unyamaze hadi amalize.

"Nikianguka Februari, basi tena hadi Desemba."

Tarehe 1 Januari tumeipokea kutoka kalenda ya Warumi. Uingereza yenyewe ilihesabu mwaka kuanzia 25 Machi mpaka katikati ya karne ya 18, na Wakristo wa Ethiopia huanza mwaka wao Septemba. Maombolezo 3 yasema huruma za Bwana ni mpya kila siku asubuhi. Hata ibada ile ya agano ya Wesley, ambayo leo Wamethodisti wengi huifanya mwanzoni mwa mwaka, ilifanyika kwa mara ya kwanza London tarehe 11 Agosti 1755.