Zile shule za Havana haziharibiki kwa sababu ya tofali

Hapa Lubumbashi kila picha za shule za sanaa za Havana zikipita, batu banasema: paa ya tofali bila byuma, lazima ibomoke. Haiko vile. Mwaka 1961 simenti na byuma vilikuwa shida Kuba, basi wasanifu majengo Porro, Garatti na Gottardi wakajenga matao ya Kikatalani (mtindo wa Katalunya, Hispania), vigae vyembamba tabaka juu ya tabaka, uzito unashuka kwa kubanana tu, na tofali kubanwa ndiyo kazi yake (uliza masoni yeyote). 1965 kazi ikasimamishwa, siasa hiyo. Shule ya baleti ya Garatti ikaachwa, pori likaingia, mto Quibú ukifurika maji ndani. Shule mbili za Porro, tofali lile lile, zilitumiwa, zikakarabatiwa, matao yangali juu.